Kifaransa kinakwama mdomoni? Tafuta kinapokwamia

Mtu anayejifunza Kifaransa akikwama katikati ya mazungumzo, maelezo yake huwa yaleyale: "Sijiamini." Basi anaambiwa ajiamini. Anajikaza, anafungua mdomo, anakwama palepale. Kujiamini hakushikiki, huwezi kukaa jioni ukafanya mazoezi ya kujiamini. Unachoweza kufanyia mazoezi ni kitenzi kinachochelewa kuja, sikio lisilojua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, au irabu inayofanya watu wakuombe urudie. Hayo yana vyanzo, na chanzo kikijulikana dawa yake haiko mbali.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeshavuka salamu. Anasoma maandishi mepesi, wakati uliopo na uliopita anaujua, pengine yuko A2 au B1 katika ule mfumo wa viwango sita, A1 hadi C2, uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Anayeanza leo bado hajakutana na matatizo haya. Atakutana nayo.

## Pima kwanza

Chukua simu, fungua kinasa sauti, uzungumze Kifaransa dakika mbili mfululizo juu ya ulichofanya jana. Usiandike kwanza, wala usirudie kurekodi ili itoke nzuri. Kisha sikiliza ukiwa na kalamu. Makosa yaache kwa sasa. Weka alama kila uliponyamaza au kurudia neno, na uandike kilichokuwa kinafuata.

Tuseme rekodi inasomeka hivi:

"Hier, je... j'ai... je me suis réveillé à six heures. Après je... j'ai pris une douche. Je suis allé au travail avec... avec le bus. Et mon chef, il a dit que... que... non, rien."

Amekwama mara nne, lakini si kwa sababu moja. Mara mbili za kwanza amekwama kwenye kitenzi: anajua anachotaka kusema, hana uhakika ni "être" au "avoir", na jibu linachelewa. Mara ya tatu neno "bus" analo. Kinachomsumbua ni kile kidogo kinacholitangulia, na kwa kweli angesema "en bus". Mara ya nne sentensi yenyewe ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Alitaka kunukuu maneno marefu ya bosi, akaona mlima, akageuka. Huyu ukimwambia ajiamini hujamsaidia lolote. Ukimwambia "vitenzi vyako vinachelewa, na sentensi zako ndefu uzikate", umempa kazi ya kufanya.

Pima na sikio pia. Tafuta mazungumzo ya dakika moja yenye maandishi yake pembeni. Sikiliza bila kusoma, kisha soma. Kama ulichoshindwa kusikia unakielewa vizuri ukikisoma, msamiati wako hauna tatizo, tatizo ni sikio. Nenda moja kwa moja kwenye dalili ya tatu hapo chini.

## Dalili ya kwanza: kwenye karatasi unajua, mdomoni hakuna kitu

Karatasi inakupa dakika nzima ya kufikiri. Mazungumzo yanakupa sekunde. Kwa hiyo mtu anaweza kupata alama nzuri za sarufi na bado akawa bubu, kwa sababu ujuzi wake ni wa kweli ila unakwenda polepole.

Vyanzo viko viwili na vinafanana kwa nje. Ili kuvitenganisha, mwombe mtu akutupie vipande vifupi kwa Kiswahili, "wanaweza", "nilikuwa na", "tutakwenda", "umefanya nini", na wewe ujibu kwa Kifaransa papo hapo. Ukisitasita, vitenzi ndivyo vinachelewa. Ukijibu haraka lakini sentensi nzima bado inakuangusha, basi unatafsiri.

Tuanze na vitenzi, na hapa kuna habari njema ambayo vitabu huificha. Kwenye maandishi, kitenzi kama "parler" kina maumbo matano tofauti wakati uliopo: parle, parles, parlons, parlez, parlent. Masikioni yanabaki matatu tu, kwa sababu "parle", "parles" na "parlent" hutamkwa sawasawa. Na kwa kuwa Wafaransa wakiongea hupenda kusema "on parle" badala ya "nous parlons", mdomoni unabaki na mawili. Jedwali lililokutisha darasani limepungua zaidi ya nusu. Vitenzi vinavyobaki kuwa vikaidi ni vichache na vinajulikana: être, avoir, aller, faire, pouvoir, vouloir, devoir, savoir, venir, prendre, dire, mettre. Hivyo kumi na viwili vikija bila kufikiri, mazungumzo mengi ya kila siku unayaweza.

Nyakati nazo zipunguze. Wakati uliopo. Uliopita wa "j'ai fait" na "je suis allé". Ujao kwa "je vais" na kitenzi chake: "je vais partir". Halafu vipande vichache vya kueleza hali iliyokuwepo: c'était, il y avait, j'étais, j'avais, je voulais. Passé simple, ule wakati uliopita wa maandishi, iache vitabuni. Hakuna anayeongea nayo sebuleni. Kuhusu vile vitenzi vinavyotaka "être", usikariri orodha. Kariri vipande vilivyokamilika, tena kwa nafsi yako mwenyewe: je suis allé, je suis parti, je suis arrivé, je suis resté, je me suis levé. Orodha inakusaidia kwenye mtihani wa kuandika. Kipande kilichokamilika kinakuja mdomoni chenyewe.

Zoezi linalofanya kazi kuliko yote ninayoyajua kwa tatizo hili ni kusimulia jambo moja kwa dakika nne, kisha lilelile kwa dakika tatu, kisha kwa mbili, kila mara kwa msikilizaji mwingine. Huitwa 4/3/2, na Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha kutoka New Zealand, aliifanyia utafiti miaka ya 1980. Siri yake ni kwamba habari haibadiliki, kwa hiyo akili haihangaiki tena na la kusema. Inashughulika na kusema tu. Huna wasikilizaji watatu? Rekodi mara tatu. Utachoka kujisikia, ni kweli, lakini ile mara ya tatu vitenzi vitatoka kwa kasi ambayo ya kwanza haikuwa nayo.

Sasa tafsiri. Wengi wetu tulisomeshwa Kifaransa kupitia Kiingereza, kwa hiyo tukitafsiri, tunatafsiri kutoka Kiingereza, na hapo tunajitafutia makosa bure. Ukilazimika kutafsiri, toka kwenye Kiswahili. Nina njaa: j'ai faim. Nina miaka 20: j'ai 20 ans. Naishi hapa tangu 2020: j'habite ici depuis 2020, wakati uliopo kwa uliopo. Nimemwona: je l'ai vu, yule anayetendewa anakaa mbele ya kitenzi, kama kwetu. Nyumba yake: sa maison, kimilikishi kinapatana na kitu, si na mwenyewe. Ukipitia Kiingereza, kila moja ya hizo ni mtego.

Kiswahili kina mtego wake pia, tena mmoja unatosha kuharibu hadithi nzima: "yeye" wetu hana mwanamume wala mwanamke. Ndiyo maana utamsikia mtu akisimulia habari za dada yake kwa "il" mwanzo hadi mwisho, na msikilizaji anabaki kujiuliza huyo kaka ametokea wapi. Hilo lifanyie kazi mapema. Simulia habari za mtu mmoja wa kike kwa dakika moja, "elle" tupu.

Na yule aliyekwama kwa bosi wake? Akate. "Mon chef n'était pas content. Il a dit : demain, à huit heures, tout le monde ici." Sentensi mbili fupi, maneno ya bosi yamenukuliwa yalivyo, hakuna "que" ya kubeba mzigo. Hata Wafaransa husimulia hivyo.

## Dalili ya pili: neno moja likipotea, sentensi yote inaanguka

Chanzo si upungufu wa maneno. Mtu mwenye maneno elfu tano naye hupotewa na neno. Tofauti ni kwamba yeye ana njia ya kuzungukia.

— Vous cherchez quelque chose ?
— Oui, je cherche... comment dire... le truc pour charger le téléphone.
— Un chargeur ?
— Voilà, un chargeur. Je l'ai laissé dans le train.

Angalia alichofanya. "Comment dire" imemweka kwenye zamu yake ya kusema, mwenzake akajua hajamaliza. "Le truc pour" imebeba neno asilolijua. "Voilà" imempa zamu yake tena. Kisha akalirudia lile neno jipya papo hapo, na hapo ndipo linapoanza kuwa lake.

Vifaa vya kuzungukia ni vichache: le truc pour..., la chose qui sert à..., la personne qui..., c'est comme... mais plus petit, c'est le contraire de..., comment on dit déjà ? Kaa chumbani, tafuta vitu usivyovijua kwa Kifaransa, uvieleze kimoja kimoja bila kufungua kamusi. Kamusi ifungue mwishoni.

Neno la kujazia nafasi ni sehemu ya lugha. Sisi tuna "yaani", "nani hii", "eeh". Wao wana "euh", "ben", "alors", "enfin", "en fait", "disons", "tu vois". Ukinyamaza kabisa, mwenzako hudhani umemaliza, au huingia kukusaidia na kukumalizia sentensi isiyokuwa yako. Ukitoa "euh" yenye midomo iliyobinywa kidogo, anasubiri. "Ben" iache kwa watu mliozoeana. Kwenye usaili wa kazi inasikika kama umevaa ndala. "Alors" inafaa popote.

## Dalili ya tatu: unasema vizuri, ila jibu likija huelewi hata neno

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Umeandaa swali lako, umelitoa safi, na jibu limekuja kama maji ya bomba lililopasuka. Unahitimisha kuwa Wafaransa wanaongea haraka mno. Wanaongea haraka, sawa, lakini kasi ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Wanachosema hakifanani na ulichosoma.

Kwanza, sauti za maneno zinaungana. "Les amis" inatoka "lezami". "Il arrive" inatoka "ilariv". Sikio linatafuta neno "zami" kwenye kumbukumbu na halilipati. Wakati mwingine muungano huo ndio wenye maana yote: "ils ont" ina z katikati, "ils sont" ina s. Sauti moja hiyo inaamua kama wana kitu au wako hivyo.

Pili, maneno yanaliwa. Kwa tahajia ya Kiswahili, kwa kukaribia tu, "je ne sais pas" huwa "shepa". "Je suis" huwa "shwi". "Il y a" huwa "ya". "Tu as vu" huwa "t'as vu". "Parce que" huwa "paske". "Il faut" inabaki "faut". Na "ne" ya kukanusha karibu hupotea kabisa katika maongezi ya kawaida, kazi yote inabaki kwa "pas". Anayesubiri "ne" ili ajue kuwa sentensi ni ya kukanusha atasubiri sana. Kali kuliko zote ni "plus". "J'en veux plus", ikitamkwa na s mwishoni, mtu anataka zaidi. Bila s, hataki tena.

Tatu, mkazo, na hili halisemwi sana. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio letu limezoea kupewa ishara kwamba neno linakaribia kuisha. Kifaransa huweka mkazo mwishoni mwa fungu zima la maneno. Ndani ya fungu hilo hakuna ishara. Sikio lako linangoja alama ambayo haiji, na maneno matano yanasikika kama moja refu. Hutaondoa tatizo hili kwa kuongeza msamiati. Unaliondoa kwa kusikiliza mafungu.

Dawa ni ya polepole lakini haikosei. Chukua sauti fupi yenye maandishi, nusu dakika inatosha. Sikiliza mara tatu bila kusoma. Andika unachosikia, hata kama ni upuuzi. Linganisha na maandishi, na kila ulipokosea jiulize nini kimeungana au kuliwa. Kisha soma kwa sauti pamoja na msemaji, ukifuata mafungu yake na mahali anapovuta pumzi. Nusu dakika iliyochambuliwa hivi inakufaa kuliko saa nzima ya sauti inayopita nyuma huku ukifanya mambo mengine.

RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, hutoa taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, ikiwa na maandishi yake. RFI hiyohiyo hutangaza kwa Kiswahili. Sikiliza kwanza habari za siku kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Yaliyotokea tayari unayajua, kwa hiyo sikio linabaki na kazi moja tu, ya sauti. TV5MONDE, televisheni ya kimataifa ya Kifaransa, nayo ina mazoezi ya bure mtandaoni yaliyopangwa kwa viwango. Lakini mtangazaji wa habari anasoma, hazungumzi. Baada ya muda hamia kwenye mahojiano ambayo watu wanakatizana na kucheka.

Wakati huohuo, ukiwa ndani ya mazungumzo, acha kusema "je ne comprends pas" peke yake. Mwenzako hajui umepotelea wapi. Atarudia yote kwa kasi ileile, au atahamia Kiingereza. Omba kipande kinachokosekana: "Vous l'avez vu où ?" "Il a fait quoi ?" "Pardon, après samedi, je n'ai pas compris." Na ukiwa na wasiwasi kuwa umeelewa nusu, thibitisha: "Donc on se voit à quinze heures, c'est ça ?" Kibaya zaidi ni "oui, oui" ya kuitikia usichokielewa. Inakununulia sekunde tano, halafu swali linakuja.

Namba ni ugonjwa wake peke yake. Nchini Ufaransa namba za simu hutajwa mbilimbili, na hapo kuna 70 inayosemwa "sitini na kumi", 80 "ishirini mara nne", na 97 "ishirini mara nne na kumi na saba". Unasikia "soixante", unaandika 6, kumbe inafuata "quinze" na jozi ilikuwa 75. Usianze kuandika hadi jozi iishe. Ukizungumza na Mbelgiji, Mswisi au Mkongomani utasikia "septante" na "nonante", ambazo ni rahisi zaidi na hazina kosa lolote, na sehemu fulani za Uswisi husema "huitante" kwa 80.

## Dalili ya nne: wanakuomba urudie, au wanahamia Kiingereza

Mara nyingi ni sauti tatu au nne tu zinazoharibu, na lafudhi yako kwa jumla haina kosa. Mtu anaweza kuongea kwa lafudhi nzito na akaeleweka vizuri, mradi sauti zinazotofautisha maneno azitofautishe.

Ya kwanza ni "u" ya Kifaransa. Kiswahili kina irabu tano na hiyo haimo, kwa hiyo tunaitamka kama u yetu, na "dessus", juu yake, inageuka "dessous", chini yake. "Tu" inakuwa "tout". Sema i ndefu, usisogeze ulimi hata kidogo, kisha kusanya midomo kama unayepiga mluzi. Sauti itakayotoka ndiyo yenyewe. Ukiona umerudi kwenye u ya kawaida, ulimi umerudi nyuma.

Ya pili ni irabu za puani. "Vin", "vent" na "vont" ni maneno matatu. Usitamke n mwishoni. Hewa ipite puani wakati irabu yenyewe inasikika, na ulimi usiguse juu. Ya tatu ni tabia yetu ya kufunga kila neno kwa irabu: "avec" inakuwa "aveki", "sept" inakuwa "seti". Kata. Ya nne ni "j", ambayo kwao ni laini, ni "sh" yetu iliyotiwa mngurumo kooni. Na "ch" yao ndiyo "sh" yetu hasa. Kuhusu "r" ya kooni, mimi naona watu wanaihangaikia kupita kiasi. R ya ulimi inaeleweka kote Kifaransa kinakosemwa.

Halafu kuna sauti ndogo. Asiye na uhakika hushusha sauti, anayesikiliza husema "pardon ?", na mwanafunzi husikia "umekosea". Pengine hakusikika tu. Rudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi kabla ya kuyabadilisha.

Mtu akihamia Kiingereza, usichukulie kama hukumu. Kwa kawaida anataka kukusaidia, au ana haraka zake. Sema "Je préfère continuer en français, si ça ne vous dérange pas," kisha uendelee. Wengi hukubali. Na kagua ulivyoanza: Ufaransa, ukimkabili mtu na swali lako bila "bonjour" kwanza, utajibiwa kwa ubaridi, nawe utadhani tatizo ni matamshi. "Vous" kwa usiyemjua, mpaka mmoja wenu aulize "On peut se tutoyer ?"

## Dalili ya tano: mazungumzo yanakufa baada ya maswali mawili

Unajibu kama uko kwenye mtihani. "Vous habitez ici ?" "Oui." Kimya. Jibu, ongeza jambo moja, rudisha swali: "Oui, depuis deux ans, mais je ne connais pas bien le quartier. Et vous ?" Tia na maneno ya kuonyesha unafuata: ah bon ?, c'est vrai ?, tant mieux, dommage, ça dépend. Maswali yako yaulize kwa kupandisha sauti tu, "Tu habites où ?" Ile ya kugeuza, "Où habites-tu ?", ni sahihi, ila mtaani inasikika kama barua.

## Dalili ya sita: unaogopa kukosea le na la

Mtu aliyekulia kwenye ngeli za Kiswahili, zaidi ya kumi, akatishwa na jinsia mbili? Haya. Viishio vinasaidia: maneno ya -tion na mengi ya -té ni ya kike, ya -ment na mengi ya -age ni ya kiume, ukiondoa machache kama plage, page, image na cage. Jifunze neno pamoja na "un" au "une" yake, na ukikosea katikati ya sentensi, endelea. Ni nadra kosa la jinsia kumzuia mtu akuelewe. Makosa ya kusimama na kurekebisha ni yale yanayobadilisha habari: jana kwa kesho, il kwa elle, "pas" iliyosahaulika, saa na tarehe. Mwambie unayefanya naye mazoezi akuandikie makosa ya aina moja tu kwa kikao, akupe mwishoni. Anayekatiza kila neno anakufundisha kunyamaza.

## Dalili ya saba: na mwalimu unatiririka, na wengine unakwama

Mwalimu wako amekuzoea. Anapunguza kasi bila kujua, anakisia unachotaka, anakumalizia sentensi. Hilo ni jambo jema mwanzoni, baadaye linakudanganya. Badilisha wazungumzaji, wa umri na nchi tofauti. Ongea kwa simu bila video, ambako mikono na uso haviwezi kukuokoa.

Wanaojiandaa kwa DELF B1, mtihani wa cheti cha Kifaransa cha kiwango hicho, huangukia hapa. Sehemu ya kuzungumza huchukua takribani robo saa na ina hatua tatu, na dakika kumi za maandalizi ni kwa hatua ya tatu peke yake, ile ya kutoa maoni juu ya maandishi. Ya pili ni igizo la mazungumzo na mtahini: unalalamikia huduma, au unamshawishi rafiki, na yeye anakupinga. Watu hukariri hotuba za hatua ya tatu, kisha wanaduwaa kwenye ya pili. Fanya mazoezi na mtu aliyeagizwa kukukatalia kila unachopendekeza.

Mazungumzo ya watu watatu au zaidi ndiyo magumu kabisa, kwa sababu hakuna anayekusubiri. Ukingoja pengo ili uingie na sentensi uliyoipanga, pengo likija mada imeshahama. Ingia na neno la kufungulia mlango kabla sentensi haijaiva: "Justement...", "Attends, juste un truc", "Moi, je trouve que..." Macho yakishakugeukia, zamu ni yako, na hata ukianza na "euh" watakungoja. Sema kifupi, hata sentensi moja, umalizie kwa kumwuliza mmoja wao kwa jina. Akianza kujibu, umeshakuwa ndani ya mazungumzo, na unaweza kupumzika ukimsikiliza.